Anayeongeza nguvu ya motere aongeze kwanza baridi yake



Ukurasa huu umezoea kuwaambia juu ya kasike, mkanda wa usalama, vumbi na gesi. Leo tunatoka nje ya mlango wa kiwanda na kuingia ndani ya lupango, siku ya Mungu mchana, pahali kijana ameinua kapo ya motokari yake na watoto sita wamemzunguka. Ajali haina kadi ya kazi. Haingoji sirene.

Tunataka kuongea juu ya motokari za mbio ambazo vijana wetu wanazinunua zikiwa zimetumika, kisha wanazibadilisha ili zikimbie zaidi. Hatuwakatazi. Mtu aliyefanya kazi ya usiku mwezi mzima ana haki ya kupenda kitu kizuri. Lakini angalieni namna wanavyotumia mshahara. Kwanza magurudumu mapana. Kisha bomba la moshi lenye kunguruma mpaka mtaa wa tatu. Kisha turbo, ao kompyuta ya motere iliyobadilishwa ili itoe nguvu nyingi. Na radiatere? Ni ile ile ya miaka 25. Maji yake ni ya robine. Bushoni yake ilitoka kwenye motokari nyingine. Sisi tunasema wazi: yule kijana hajanunua mbio. Amenunua birika la maji ya moto lenye magurudumu manne, na amewaweka bibi na watoto ndani.

Wazee watacheka wakisoma haya. Volkswagen Coccinelle yao haikuwa na maji hata tone moja, upepo tu ndio ulipoza motere. Ni kweli. Lakini Coccinelle haikushindana na mtu barabarani, na Peugeot 404 na 504 zilizokuja pamoja nayo zilikuwa na maji, na wazee wale wale waliyaangalia kila asubuhi mbele ya kuwasha. Hiyo desturi imepotea wapi?

Tuelewe kwanza moto unatoka wapi. Esanse ikiungua ndani ya motere, sehemu ndogo tu ya nguvu yake inafika kwenye magurudumu. Karibu theluthi moja inatoka na moshi. Karibu theluthi nyingine inaingia ndani ya maji, na radiatere inapaswa kuitupa nje kwenye upepo. Basi hesabu ni rahisi, hata mtoto wa shule ya msingi ataiweza: motere iliyotengenezwa kwa farasi 100, ukiilazimisha kutoa 150, umeongeza nusu ya moto vilevile. Lakini radiatere haikuongezeka. Wale waliotengeneza motokari walipima radiatere kwa farasi 100 na akiba kidogo. Wewe umekula akiba yote, na zaidi.

Mtu atasema: «Yangu inatembea vizuri, sijaona shida.» Mjini, ndiyo. Mjini hutumii zile nguvu. Ngoja mwezi wa 10, wakati jua la Katanga linapasua udongo na mvua haijafika. Toka Lubumbashi kwenda Likasi, kilometre 120 hivi, watu wanne ndani, mizigo nyuma, mbele yako mstari wa makamio yenye shaba, na wewe unapiga gazi kupita moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Hapo ndipo motere inaomba baridi yote. Na hapo, pembeni ya barabara, kati ya yale makamio, ndipo hupendi kusimama na familia wakati giza linaingia.

Sasa kuna jambo la nchi yetu ambalo wengi hawalijui. Shuleni tulifundishwa kwamba maji yanachemka kwenye digri 100. Hiyo ni pembeni ya bahari. Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita metre 1400. Upepo wa huku juu haukandamizi sana. Kwa hiyo sufuria ya mama huko Lubumbashi inachemka karibu na digri 96, na ile ya Kolwezi karibu na 95. Na motere nzima, yenye afya, inafanya kazi kati ya digri 85 na 95! Unaona basi, bila bushoni nzuri, maji ya motokari yako yako mlangoni mwa kuchemka kila siku.

Bushoni ya radiatere si kifuniko tu kama cha chupa. Ndani yake kuna resore inayofunga maji kwa nguvu, na maji yakifungwa kwa nguvu hayachemki upesi. Juu yake kumeandikwa namba: 0,9 ao 1,1 kwenye motokari nyingi za Japani, zaidi ya hapo kwenye nyingi za Ulaya. Kwa bushoni ya 0,9 inayofunga sawasawa, hata huku kwetu juu, maji matupu yanangoja mpaka karibu na digri 115 ndipo yachemke. Tazama faida hiyo: digri 20 karibu, kwa kitu kidogo kinachoshikwa na vidole vitatu. Lakini resore inachoka, na mpira unakauka. Bushoni iliyochoka haionekani kwa macho. Unaongeza maji leo, kesho unaongeza tena, unasema «radiatere inakunywa maji», kumbe ni bushoni inayotema. Na wengine wanakosea upande wa pili: wanaweka bushoni yenye namba kubwa wakifikiri ni dawa. Ile namba kubwa inaenda kupasua tuyo za zamani na tanki za plastiki. Weka namba ile ambayo kiwanda kiliandika, na iwe mpya.

Hapa tunafika kwenye hatari yenyewe. Maji yaliyofungwa kwenye digri 110 bado ni maji, yametulia, huoni mvuke hata kidogo. Ukifungua bushoni, ile nguvu inaondoka mara moja, na maji yanajikuta yamepita kipimo cha kuchemka kwa digri 14. Hayangoji. Sehemu yake inageuka mvuke palepale, na mvuke unasukuma maji yote yaliyobaki usoni mwako. Gilasi moja ya maji ikigeuka mvuke inajaza zaidi ya litre 300. Fikiria pipa la litre 200, jaza moja na nusu, na yote yapite kwenye tundu la vidole viwili, karibu na macho yako. Kile kitambaa ulichoshika kinaloa maji ya moto na kukaa juu ya mkono wako.

Ndugu mekanisie, wewe unayefanya kazi kwenye benne kubwa za mugodi, je, unaweza kufungua radiatere ya benne ikiwa motere bado ni ya moto? Hapana. Unajua amri. Unazima, unangoja, unagusa tuyo ya juu, unavaa miwani na glavu. Shefu wako angekuona ukifungua kwa haraka, angekurudisha nyumbani siku ileile. Basi namna gani, mkono uleule, wiki ileile, unafungua radiatere ya moto katika lupango, bila miwani, mtoto wako wa miaka 4 akichungulia chini ya kiwiko chako? Maji ya nyumbani hayana huruma kupita ya kazini. Na ujue tena: ukiungua nyumbani siku ya Mungu, haiandikwi kama ajali ya kazi.

Ngoja nusu saa nzima, na kwa motere kubwa, zaidi. Minya tuyo ya juu kwa mkono wenye glavu: ikiwa bado ngumu kama pine iliyojazwa, nguvu bado iko ndani. Ikiisha kulegea, funika bushoni na kitambaa kinene, simama pembeni na uso mbali, zungusha robo tu, ngoja sauti iishe, kisha ndipo uondoe. Na watoto wawe upande mwingine wa nyumba. Mama, hapa tunakuomba wewe. Ukiona kapo imeinuliwa na mvuke unatoka, ita watoto kwanza, kisha mgombeze baba yao.

Turudi kwa vijana na mabadiliko yao, kwa sababu kuna mambo tunayoyaona mitaani yanayotuchosha roho.

La kwanza ni kuondoa termosta. Kila garaje ya chini ya muembe itakuambia: «Termosta ni ya baridi ya Ulaya, huku Afrika toa tu.» Hatukubali hata kidogo. Termosta ni mlango unaofunguka karibu na digri 82 ao 88, ili motere ipate joto upesi na kubaki kwenye joto lake. Ukiiondoa, motere inakaa baridi kwa muda mrefu, zaidi sana asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, wakati usiku wa kwetu unashuka chini ya digri 10. Kompyuta inaona motere baridi na inaongeza esanse. Ile esanse inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, na vyuma vinasagana. Tena kuna motere nyingi ambazo termosta yake ina mguu wa pili: ikifunguka upande wa radiatere, inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya motere. Ukiitupa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye radiatere kamwe. Hivi, yule aliyetoa termosta ili motokari isichemke, ameisaidia kuchemka. Termosta ikifa, nunua nyingine. Bei yake si kitu mbele ya bei ya kilasi.

La pili ni kuziba mlango wa upepo. Turbo inaletwa na radiatere yake ndogo ya kupoza upepo, na inafungwa mbele kabisa, ing'ae, ionekane. Kisha taa mbili kubwa. Kisha sahani ya namba. Nyuma ya hayo yote, radiatere ya maji inapokea mabaki ya upepo, na yenyewe yamekwisha kupata moto. Kama unataka turbo, weka radiatere ya maji yenye unene zaidi, na ziba kwa bati nafasi zote pembeni, ili upepo unaoingia mbele usitoroke bali upite katikati ya mapezi yake. Bati tu! Kazi ya nusu siku kwa mtu anayejua mikasi na riveti, na katika kambi yetu hao hawakosekani. Na kile kizingo cha plastiki kinachozunguka vantilatere, usikitupe kwa sababu kinakosa nafasi. Bila kizingo, vantilatere inavuta upepo wa duara lake tu, pembe za radiatere zinabaki zimelala.

Wengine wanainua kapo upande wa kioo kwa rondele, wanasema joto litoke. Motokari ikisimama, ndiyo, litatoka. Ikikimbia, upepo unakandamiza mbele ya kioo na unaingia ndani kwa mlango ule uliofungua wewe, unapinga ule unaotoka kwenye radiatere. Acha kapo ifungwe.

La tatu, na hili ndilo linaloua motere nyingi, ni kuamini mshale wa tablo. Katika motokari nyingi za miaka ya 1990 na kisha, ule mshale umefundishwa kudanganya kwa upole. Umetengenezwa ili shofere asisumbuliwe: unakaa katikati kwenye digri 80, unakaa katikati kwenye digri 100, na ukiamka kupanda, mambo yamekwisha kuharibika. Tena kama maji yametoka yote, kile kipimo kinabaki ndani ya upepo mtupu, na mshale unaweza hata kushuka! Shofere anafurahi, motere inakufa. Kwa hiyo, mwanangu, mbele ya turbo, mbele ya bomba la sauti, nunua kipimo chenye namba, kifungwe mbele ya macho yako. Jifunze namba ya kila siku ya motokari yako. Ikiwa ni 88 kila siku na leo ni 97 kwenye barabara ileile, motokari inakuambia kitu, na una wakati wa kusikiliza.

Kila motokari ina ugonjwa wake tena. BMW za mfululizo wa 3 za miaka ya 1990, zile za E36, zinapendwa sana, lakini shingo ya radiatere ni ya plastiki inayozeeka na kukatika kama biskuti, na kuna pompe za maji ambazo kipanga chake cha plastiki kinavunjika ndani bila sauti. Ukinunua moja, badilisha radiatere, pompe, termosta na tuyo zote mbele ya kuuliza inakimbia kiasi gani. Subaru Impreza nayo ina silinda zilizolala, pistoni zinarushiana ngumi kama mabokseri. Motere ya namna hiyo inaficha upepo ndani ya njia za maji. Ukibadilisha maji ukafunga haraka, upepo unabaki, na pahali penye upepo chuma kinaungua. Jaza polepole, pua ikiwa juu kwenye mlima kidogo, shofaje ikiwa wazi, uongeze mpaka mapovu yaishe.

Na maji yenyewe? Tazama ndani ya birika lako la nyumbani, ile nyeupe ngumu iliyoshika chini. Ndiyo hiyo inayojipaka ndani ya radiatere ukitumia maji ya kisima ao ya robine miaka mitano. Tumia maji ya batri, na antijeli nusu kwa nusu. Jina linadanganya: sisi hatuna barafu ya kutisha, lakini antijeli inazuia kutu na inapandisha tena kipimo cha kuchemka.

Sasa, kama uko barabarani na namba inapanda. Zima klimatizere. Fungua shofaje mpaka mwisho, na vioo vyote. Mtatoka jasho, ndiyo, lakini shofaje ni radiatere ya pili ndogo, inavuta moto kutoka kwa motere. Punguza mwendo. Ikiwa inaendelea kupanda, ondoka barabarani kabisa, zima motere, weka triangle mbali nyuma kwa sababu ya makamio, na watu wote wakae nje upande wa porini. Usimwage maji baridi juu ya motere ya moto: kichwa cha motere cha aluminiumu kinapinda, juani ya kilasi inakatika, na hapo umepoteza mshahara wa miezi. Usiseme «nifike tu mpaka peaje». Kilometre tano zile ndizo zinazopinda kilasi.

Na kama mtu ameungua? Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Si barafu. Si dawa ya meno, si mafuta ya mawese, si yai, si udongo. Ondoa pete na nguo iliyoloa, lakini nguo iliyoshikana na ngozi iache. Funika na kitambaa safi, peleka dispensere. Yakiingia machoni, osha vilevile kwa muda mrefu, kope zikiwa wazi, na uende kwa munganga hata kama mtu anasema anaona vizuri. Mtoto aliyeungua usoni anaenda lopitalo siku ileile, hakuna kungoja asubuhi.

Bado neno moja kwa wamama, kwa sababu ya ile antijeli. Aina nyingi zina sumu inayoitwa glikoli, na ladha yake ni tamu. Rangi yake ni kijani ao nyekundu, kama sucré ya watoto. Wanaume wana tabia mbaya ya kumimina mabaki ndani ya chupa ya Fanta na kuiweka chini ya kitanda. Mtoto akinywa kidogo tu, anaonekana kama mlevi, kisha kama amepona, kisha figo zinakufa. Usingoje dalili na usimtapishe: mpeleke lopitalo mara moja pamoja na chupa yenyewe, munganga aone ni kitu gani. Mbwa wa jirani naye ataramba ile iliyomwagika chini. Mabaki yabaki ndani ya bidoni yake yenye jina, imefungwa, juu, pahali pasipofikika. Na ukiona chupa ya Fanta yenye rangi ya ajabu chini ya kitanda chako leo jioni, itoe mbele ya kupika, mwenye nayo ataulizwa akirudi.